MTOTO ASIYESIKIA
Somo kwa wazazi na walimu juu ya watoto wa miaka 11 hata 14



Kila juma kuna mzazi anayefika kwetu hospitalini na neno hili: “Mganga, mtoto wangu hasikii.” Sisi wauguzi tumejifunza kumwuliza kwanza: “Hasikii kwa namna gani?” Maana katika lugha yetu neno hili lina njia mbili. Mtoto anaweza kukataa kutii, tena mtoto anaweza kuwa na masikio yenye ugonjwa.

Siku moja baba mmoja alimleta mwana wake wa miaka 12. Alikuwa amempiga mara nyingi, na mwalimu alikuwa amemtoa darasani mara tatu, kwa sababu akiitwa hageuki, na akipewa kazi moja anafanya nyingine. Tulipotazama masikioni tulikuta usaha pande zote mbili, na ngozi ya ndani ya sikio imetoboka. Mtoto alikuwa akisikia nusu ya maneno tangu alipougua surua zamani. Baba yake aliketi chini barazani akanyamaza muda mrefu.

Hatusemi kwamba kila mtoto mkaidi ni mgonjwa. Wengi wana masikio mazuri kabisa na bado hawasikii. Somo hili ni kwa ajili ya hao pia. Lakini kabla ya kumwita mtoto mbaya, tazama kwanza kama ni mgonjwa. Mwisho wa somo tutataja magonjwa yenyewe.

Kwa nini miaka hii ni ya hatari

Kati ya miaka 11 na 14 mwili wa mtoto unabadilika upesi. Msichana anaanza kupata hedhi, na sauti ya mvulana inakuwa nzito. Mambo hayo kila mzazi anayaona. Yasiyoonekana ni mambo ya ubongo. Sehemu ya ubongo inayopenda furaha, na hatari, na sifa za wenzake, inaamka mapema. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosema, “Ngoja, fikiri kwanza.” Hiyo inaendelea kukomaa hata mtu apate miaka 25 hivi. Ni kama pikipiki yenye injini mpya na breki zisizokazwa bado.

Kwa hiyo usishangae. Ukimwuliza mtoto wa miaka 13, ninyi wawili tu, kama ni vema kunywa kanyanga, atakujibu vizuri kama mzee wa kanisa. Jioni ileile, mbele ya rafiki zake watatu, atakunywa. Asubuhi hakukudanganya. Asubuhi alikuwa peke yake.

Tena katika nchi yetu ya Kongo miaka hii ndiyo miaka ya kumaliza shule ya msingi. Tangu mwaka 2019, kwa agizo la serikali, wazazi hawadaiwi tena feza za masomo katika shule za msingi za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa chini ya serikali. Lakini sekondari inalipwa. Basi mtoto mwenye miaka 12 au 13 anafika mbele ya mlango uliofungwa. Amezoea kuamka na kwenda mahali, na sasa hana mahali pa kwenda. Huku kwetu Ituri na Kivu machimbo ya zahabu hayako mbali, na kule hakuna anayeuliza buletini. Anayebeba mchanga leo anapata franka leo. Na wengine wamekutana na watu wenye silaha. Katika vita vya mwaka 1996 tuliona watoto wa umri huu wakipewa bunduki, na watu wakawaita kadogo kana kwamba ni jina la kuchekesha.

Mtoto anayeanza kuelekea kule hatangazi safari yake. Kwanza anachelewa kurudi. Kisha alama zake zinaanguka katika masomo aliyokuwa akiyapenda. Rafiki zake wapya ni wakubwa kuliko yeye kwa miaka mitatu au minne, na hawafiki nyumbani kwako kusalimu. Vitu vidogo vinapotea nyumbani: sabuni, yai, franka mia mbili. Yatima anayehamishwa kutoka kwa mjomba mpaka kwa shangazi, na mtoto wa nyumba yenye pombe na ngumi, hao watazamwe zaidi. Si kwamba wao ni wabaya kuliko wengine, ila hakuna mtu anayehesabu siku zao.

Vita vidogo vya nyumbani

Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, nchi ya Marekani, alikuwako mwalimu mkubwa wa mambo ya tabia, jina lake Gerald Patterson. Tangu miaka ya 1960 yeye na wenzake waliingia katika nyumba za watu, wakaketi kimya, wakaandika kila neno na kila tendo kati ya wazazi na watoto. Walitaka kujua mtoto mgomvi anafanywa namna gani. Hawakukuta jambo moja kubwa. Walikuta mambo madogo mengi, kila siku, kila saa. Nasi tukiyasoma tunaona kama aliketi katika nyua zetu. Sikilizeni:

“Nenda kateke maji.”

“Ninakuja, mama.”

“Nimesema nenda!”

“Kwa nini ni mimi siku zote? Dada yuko wapi?”

“Unanijibu mimi? Ngoja baba yako aje!”

Mtoto anapiga bidoni teke. Anapiga kelele hata majirani wanageuka. Mama amechoka, ametoka shambani sasa hivi na mzigo wa mihogo kichwani. Anasema, “Acha, acha, nitakwenda mwenyewe.” Anachukua bidoni.

Nani ameshinda? Mama amepata kimya cha jioni moja. Mtoto amepata kukaa. Wote wawili wamelipwa, na ndiyo sababu kesho watafanya vilevile. Mtoto amejifunza kwamba kelele ni feza, zinanunua. Siku nyingine mama hakubali, anashika fimbo, na mtoto anakimbia mtoni. Sasa ni mama aliyelipwa. Amejifunza kwamba bila fimbo hakuna maji. Kesho kutwa kelele zinaongezeka, na fimbo inaongezeka. Kisha mtoto anabeba masomo hayo mpaka shuleni. Anamjibu mwalimu kama anavyomjibu mama. Watoto wapole wanamwepuka. Wanaobaki kumpokea ni wale wanaofanana naye.

Dawa ya vita hivi si kali, ila inataka subira. Agiza mambo machache. Usipige kelele kutoka jikoni, mkaribie, mwite kwa jina lake, sema mara moja na utaje saa: “Kabla ya jua kutua nataka bidoni mbili hapa.” Akifanya, mwambie kwamba umeona. Wengi wetu tunaona haya kumsifu mtoto, tunadhani atajivuna. Lakini mtoto asiyesifiwa nyumbani atasifiwa na watu wengine, na tumesema tayari ni watu wa namna gani.

Asipofanya, awe na adhabu ndogo anayoijua mbele, na ipatikane siku ileile bila matusi. Kesho hachezi mpira. Au atafagia ua mzima. Adhabu ndogo ya hakika inafundisha kuliko adhabu kubwa inayokuja mara moja kwa mwezi, baba akiwa amekasirishwa na jambo lingine. Usimnyime chakula. Wala usimfungie nje usiku, maana nje usiku kuna watu wanaomngoja.

Wazee watauliza, “Na fimbo je? Sisi tulipigwa, nasi tumekuwa watu.” Ni kweli, wengi walipigwa wakawa watu wazuri. Lakini hapa hospitalini tunashona vichwa na kufunga mikono iliyovunjika, na hakuna hata mtoto mmoja tuliyemwona akirudi na tabia njema kwa sababu ya mkono uliovunjika. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika ya Kusini, jambo hili lilipimwa kwa familia 552 katika vijiji na vitongoji 40. Sehemu moja ya wazazi walifundishwa pamoja na watoto wao kwa majuma 14: kuketi na mtoto, kumsifu, kupanga feza, kutatua ugomvi bila kupiga. Habari zake zilitolewa mwaka 2018. Katika nyumba zilizofundishwa kupiga na kutukana kulipungua, wazazi waliwaangalia watoto wao vizuri zaidi, na ulevi ulipungua, wa wazazi na wa watoto pia. Haikuondoa kila shida. Lakini watu wale walikuwa maskini kama sisi.

Yusufu na Mariamu walimtafuta siku tatu

Someni tena Luka mlango wa 2. Yesu alikuwa na miaka 12, umri uleule tunaousema. Wazazi wake walitoka Yerusalemu, wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara pamoja na jamaa. Hawakuwa wazazi wabaya. Walifanya kama sisi tunavyofanya: “Yuko kwa shangazi.” “Yuko na wenzake.” “Watu wa kijiji wanamwona.” Zamani kwetu neno hilo lilikuwa kweli, maana kila mzee katika kijiji alikuwa mzazi. Leo mnakaa katika mji uliojaa watu waliokimbia vita, na jirani hajui mtoto ni wa nani.

Tena angalieni walivyofanya walipogundua. Walirudi nyuma. Waliacha safari na gharama yake, wakatafuta mpaka wakamwona. Ndipo mama akamwuliza kwa nini amewatenda hivyo, akamwambia jinsi walivyoumia moyoni. Alimpa nafasi ya kujibu. Hata jibu lile hawakulielewa, asema Luka, lakini mtoto alishuka pamoja nao Nazareti akawatii.

Basi mzazi ajue mambo manne kila jioni: mtoto yuko wapi, yuko na nani, mkubwa gani yupo mahali hapo, na saa gani atarudi. Akisema anakwenda kwa rafiki, siku moja fuatana naye usalimie wazazi wa rafiki. Wapeni wazazi wale ruhusa ya kumrudisha mtoto wako nyumbani, nawe pokea ruhusa hiyo juu ya mtoto wao. Wazazi wanne au watano wa mtaa mmoja wakipatana hivyo, kijiji cha zamani kimerudi kidogo.

Lakini tunaonya juu ya upelelezi. Katika nchi ya Sweden watu wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliwauliza vijana wa miaka 14 na wazazi wao, wakatoa habari mwaka 2000. Walitafuta kujua wazazi wanaofahamu mambo ya watoto wao wameyapata kwa njia gani. Je, ni kwa kuhoji na kukataza? La. Zaidi ya yote waliyapata kwa sababu mtoto mwenyewe aliwasimulia. Na mtoto anamsimulia nani? Yule ambaye hakumpiga kwa neno la kweli alilolisema jana. Baba wengi wa kwetu hawajawahi kuketi na mtoto wa miaka 13 ila kwa kumhukumu. Mchukue uende naye shambani, ninyi wawili, bila hotuba. Mtu akipalilia anasema mambo ambayo asingeyasema akiwa amesimama mbele ya kiti chako.

Wanaosumbua wasikusanywe pamoja

Hapa tunataka kusema pole pole, kwa sababu kosa hili ni letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita wazee wa kanisa letu walifanya shauri jema. Walichagua wavulana 14 waliosumbua kuliko wengine katika mitaa yote, ili wakutane kila Jumamosi chini ya mwalimu mmoja kijana, wapate neno la Mungu, na mpira, na chai. Mimi mwenyewe nilikubali, hata sukari nilitoa. Baada ya miezi sita wavulana wawili, ambao mwanzoni kosa lao lilikuwa utoro tu, walikuwa wamejua kuvuta bangi, na mmoja alikuwa ameiba betri ya jirani pamoja na mkubwa wao. Wakati wa somo walisikiliza vizuri. Somo la pili walifundishana njiani kurudi nyumbani.

Baadaye tulisoma kwamba wengine walianguka katika shimo hilohilo mbele yetu. Mganga mmoja wa Boston, Richard Cabot, alianzisha kazi kubwa ya kuwasaidia wavulana katika miji ya Cambridge na Somerville, nchi ya Marekani. Kazi ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Walichagua wavulana 506, wakawapanga wawili wawili wanaofanana kwa umri na nyumba na tabia, kisha wakapiga kura: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe. Waliosaidiwa walipata mtu wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya nyongeza, matibabu, na wengi walipelekwa kambini wakati wa likizo. Miaka 30 baadaye mwanamke mmoja mwenye elimu, Joan McCord, aliwatafuta watu hao, sasa ni baba za watoto. Wengi walisifu msaada ule, walikumbuka majina ya waliowasaidia. Lakini alipohesabu, mwaka 1978, alikuta kwamba waliosaidiwa hawakuwazidi wenzao kwa wema. Katika mambo mengine walikuwa vibaya zaidi: kurudia kosa la jinai, ulevi, hata kufa mapema. Baadaye aliona tena kwamba hasara ilikuwa hasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Thomas Dishion, ambaye alijifunza kwa Patterson kule Oregon, alijaribu jambo hili kwa familia zaidi ya 100 zenye watoto wa miaka 11 hata 14 waliokuwa katika hatari. Wazazi wengine walifundishwa, watoto wengine walikusanywa katika makundi ya mafundisho. Mafundisho ya wazazi yalipunguza ugomvi nyumbani. Makundi ya watoto peke yao yaliongeza kuvuta tumbako, na walimu waliona makosa yao yakiongezeka. Dishion alikuwa amewaangalia wavulana wakizungumza wawili wawili, akaona jambo dogo: mmoja akisimulia ubaya, mwenzake anacheka. Kicheko kile ni mshahara. Weka wavulana 14 pamoja, na kila hadithi ya wizi inalipwa mara 13.

Basi tulivunja kundi letu. Mvulana mmoja aliingizwa katika kwaya ya vijana, mahali wengine wote ni watulivu. Mwingine alipewa kwa fundi seremala, mzee asiyesema sana, amshikie mbao. Wawili walitiwa katika timu mbili mbalimbali za mpira. Kila mmoja alipata mzee mmoja wa kanisa wa kumwuliza habari kila Jumapili kwa jina lake. Kazi hii inachosha zaidi kuliko chai ya Jumamosi. Haina kundi la kuonyesha wageni. Na wengine wawili walitupotea hata hivyo, walikwenda machimboni, hatujawaona tena.

Neno kwa walimu

Darasa la watoto 60 si mchezo, tunajua. Lakini kuna mchezo unaosaidia. Mwaka 1969 watu watatu wa Kansas, nchi ya Marekani, waliandika jinsi walivyoligawa darasa moja lenye ghasia kuwa timu mbili. Kanuni zilikuwa chache na watoto wote walizijua: usisimame bila ruhusa, usiseme bila ruhusa. Mtoto akivunja kanuni, mwalimu alitia alama ubaoni juu ya timu yake, bila kugombeza. Timu yenye alama chache ilishinda, na zote mbili zikiwa na alama chache, zote zilishinda. Zawadi ilikuwa kitu kidogo, kama kwenda kula mbele ya wengine. Ghasia zilishuka sana. Katika mji wa Baltimore walianza kulijaribu jambo hili mwaka 1985 kwa watoto wadogo wa mwaka wa kwanza, wakawafuata hata walipokuwa vijana wakubwa. Wavulana waliokuwa wagomvi tangu utoto, kama walicheza mchezo huu shuleni, wachache zaidi walianguka katika dawa za kulevya kuliko wagomvi wenzao ambao hawakuucheza.

Angalieni siri yake. Mgomvi hakuketishwa nyuma pamoja na wagomvi. Alitiwa katikati ya watulivu, nao walikuwa na faida akitulia. Benchi la nyuma kwa “wale wabaya” ni kundi letu la Jumamosi, ila linakutana kila siku.

Tena, mwalimu anapoita mzazi, mara nyingi ni kwa habari mbaya. Mzazi akiona karatasi ya shule moyo unapiga. Jaribu mara moja kutuma habari njema: “Mwana wako amefika siku tano bila kukosa.” Utaona mzazi huyo akija mwenyewe. Mtoto akikosa siku mbili, tuma mtu nyumbani siku ya tatu. Usingoje mwezi uishe. Na unapoketi na mzazi, anza na jambo jema unaloliona katika nyumba yake, kisha sema shida. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya direkta atamlipiza mtoto njiani.

Juu ya kufukuza: mtoto aliyefukuzwa kwa majuma mawili kwa sababu ya utoro amepewa alichokitaka. Akibaki shuleni afanye kazi ya kurudisha alichoharibu, chini ya macho ya mwalimu, adhabu hiyo ina maana.

Wasichana

Mara nyingi msichana aliye hatarini hasumbui mtu. Anakuwa kimya. Ana mafuta mapya ya kujipaka, au simu, na hakuna aliyemnunulia. Usianze kwa kumwita malaya. Neno hilo likitoka mara moja, hatakuambia kitu tena. Uliza kwa upole ni nani aliyempa na anataka nini. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18, na yule mtu mzima ndiye mwenye kosa, hata akiwa mwalimu, hata akiwa mzee wa kanisa. Akiwa ametendewa kwa nguvu, mlete hospitalini upesi, kabla ya masaa 72 kupita, maana kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinazofaa zikianzwa mapema. Asioge kwanza. Na hata kama masaa yamepita, mlete.

Asiitwe mlozi

Tunasikitika kwamba lazima tuandike sehemu hii. Mtoto anakojoa kitandani, anazungumza usiku, anaiba chakula, mdogo wake anakufa kwa malaria; na mtu, pengine mwenye kujiita nabii, anasema mtoto huyu ana ulozi. Anafungwa, ananyimwa chakula ili “aungame,” kisha anafukuzwa. Watoto wengi wanaolala sokoni walifika huko kwa njia hii. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya mwaka 2009 inatoa kifungo kwa anayefanya hivyo. Mtoto aliyeona nyumba ikichomwa au watu wakiuawa anaweza kushtuka kwa sauti ndogo, kukosa usingizi, kukojoa kitandani, kugombana bila sababu. Huo ni woga uliobaki mwilini. Anahitaji kulala karibu na mtu anayempenda, kurudi shuleni, na mtu wa kumsikiliza asiyemlazimisha kusimulia.

Mambo ya kutazama hospitalini

Masikio tumeyasema. Macho: mtoto asiyeona ubao anachoka, kisha anacheza. Kifafa: si kila mara mtu anaanguka. Pengine mtoto anakazia macho mahali pamoja kwa muda mfupi, hajibu, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu anafikiri anadharau. Minyoo na upungufu wa damu vinamfanya mtoto kuwa mvivu machoni pa watu. Malaria kali ya ubongo, hata akiwa amepona, inaweza kuacha shida ya kujifunza. Na usingizi: mtoto wa umri huu anataka masaa 9 hata 10 kila usiku. Anayeamka saa kumi usiku kukaanga mandazi ya kuuza, au anayeangalia simu mpaka usiku wa manane, atakuwa mkali mchana, kama wewe vilevile.

Akisema anataka kufa, au ukikuta amejiumiza kwa makusudi, usimcheke wala usimkemee kwa dhambi. Ondoa sumu ya panya na dawa za shamba nyumbani, usimwache peke yake, na mlete siku ileile, hata usiku.

Kwa mambo mengine, njooni siku yo yote ya kazi, asubuhi. Leta buletini ya shule na kikaratasi cha dawa zote anazokunywa, pamoja na zile za mganga wa kienyeji, hatutawakasirikia. Baba naye aje kama anaweza. Mtoto ataonana na muuguzi pamoja nanyi, kisha kwa muda peke yake. Msimwambie njiani kwamba anakuja kuchomwa sindano.